Mti wa Wizara Uliochanua Ihumwa

Ijumaa iliyopita nilikuwa Haneti kwenye harusi ya mpwa wangu, muziki umepamba moto na pilau ndiyo kwanza imewekwa mezani, pale bwana mmoja niliyekaa naye aliponiinamia na kuniambia kwamba yule mama asiyeona wa Ihumwa, mwenye mti mdogo kwenye chungu, amefariki dunia alfajiri ile. Aliniambia taratibu, kwa adabu ya mtu anayetangaza msiba penye vigelegele, kisha akasubiri nishike tama. Nilihuzunika, tena sana. Nitadanganya nikisema vinginevyo. Lakini mama yule hakuwa mtu wa kukumbukwa kwa tama. Kabla huzuni haijakaa vizuri, nilijikuta nimemgeukia yule bwana na kuanza kumsimulia habari za ule mti, harakaharaka, mikono hewani, mpaka wageni wa meza ya jirani wakageuka na pilau yangu ikapoa. Nadhani alidhani nimepagawa. Leo nimetulia kidogo, nataka niwasimulie ninyi wasomaji wangu, maana sijui kama nitapata tena habari nzuri kuliko hii ya kuwaletea kutoka Dodoma.

Alikuwa opereta wa simu. Wale mliofanya kazi maofisini enzi hizo mnajua nazungumzia nini: ukipiga simu ya ofisi, kabla hujampata bosi au karani unayemtaka, unapokewa kwanza na sauti. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata habari njema dakika hiyo hiyo. Alizaliwa Chemba, kwa wale ambao lugha yao ina vidoko, ile milio ya ulimi ambayo sisi wengine tukiijaribu tunaishia kujing'ata. Surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo, akapelekwa shule ya wasioona Buigiri, akajifunza kusoma kwa vidole, na miaka ilipokwenda akaajiriwa kwenye swichibodi, ile mashine ya kuunganishia simu za ofisi. Mimi nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura, kwa kuwa nilikuwa mwandishi mchanga nikisaka taarifa kwa simu kila siku. Baadaye nilihamia mkoa mwingine, nikakaa huko miaka kadhaa. Niliporudi nilipiga simu ofisini kwao kwa namba ya kuazima, nikaanza, "Shikamoo, naomba kuunganishwa na..." Hakuniacha nimalize. "Marahaba, mwandishi! Umerudi! Na hicho kikohozi huko ulikokwenda hawana dawa?" Nilicheka mpaka nikasahau nilikuwa namtafuta nani.

Kisha kila bosi akawa na simu yake mfukoni, na swichibodi ikaanza kunyamaza. Hakuna aliyemfukuza, kazi yenyewe ndiyo iliyomkimbia, polepole, bila kuaga. Alikuwa anakaa pale mezani asubuhi nzima akipokea simu mbili tatu, na mojawapo ni ya mtu aliyekosea namba. Wengi katika hali ile wangesinzia wakisubiri kustaafu, na nisingekuwa na haki ya kuwalaumu. Yeye hakuweza. "Vidole vyangu vimezoea kuhangaika," aliniambia. "Nisipovitafutia kazi vitanila mwenyewe."

Kazi yenyewe aliipata Mufindi. Alikwenda huko kwenye semina ya watu wasioona, wakalazwa kwenye nyumba ya wageni ya zamani katikati ya mashamba ya chai. Asubuhi ya kwanza alitoka nje kunyoosha miguu, akasimama ghafla. Harufu ilikuwa imemjia usoni, tamu, nzito kidogo, akadhani kuna bibi harusi anapita. Akaifuata kwa fimbo yake mpaka vishada vya maua vikamgonga paji la uso. Mtunza bustani akaja mbio.

"Mama, angalia, utajikwaa! Hapo kuna mti unaotambaa."

"Mti gani huu?"

"Wazungu waliouacha waliuita wisteria. Maua yake yananing'inia hivyo unavyoyashika. Mzuri, lakini mkorofi. Umeshang'oa mfereji wa bati, sasa unataka paa."

"Nipe mimi."

"Unakaa wapi, mama?"

"Dodoma."

Mtunza bustani alicheka. "Dodoma! Huu unataka baridi. Tena ukiupanda karibu na nyumba ya watu utaivunja, utafukuzwa."

"Basi nitaufuga kwenye chungu," akasema, kama mtu anayezungumzia kondoo.

Hapo yule mtunza bustani aliacha kucheka, kwa sababu alikuwa anajua kwamba jambo hilo linawezekana. Alimweleza kuna ufundi unaoitwa bonsai, wa kuulea mti kwenye chungu kifupi, ukiupunguza mizizi na matawi kwa miaka, mpaka uwe mti kamili wenye umbo la uzee lakini unaoweza kuubeba mikononi. Akalilaza tawi moja la chini, akalikwangua ganda kidogo, akalifukia udongoni likiwa bado limeshikana na mama yake. Mwaka uliofuata tawi lilikuwa na mizizi yake lenyewe, akalikata na kulituma kwa basi. Rafiki yangu alikwenda stendi kulipokea akiwa amevaa gauni lake la sikukuu.

Wakati huo alikuwa amepanga vyumba viwili Ihumwa, si mbali na reli, pamoja na mdogo wake wa kike ambaye ni fundi cherehani. Mwenye nyumba wao, mkulima wa zabibu, alipoelezwa jina la mti alisikia "wizara". Kwa nini asisikie hivyo? Katika mji huu siku hizi kila jengo jipya ni wizara. "Mti wa wizara!" akasema kwa heshima, akiamini pengine serikali imeugawa. Jina likashika mtaa mzima. Ungewasikia watu wakipita getini: "Shikamoo mama, wizara inaendeleaje?" Naye anajibu kutoka barazani, "Marahaba, wizara haijambo, inasubiri bajeti!"

Sasa nisikilizeni jinsi alivyoulea. Aliwaagiza akina mama wafinyanzi wamtengenezee chungu kipana, kifupi, chenye matundu chini. Alichanganya udongo na mchanga mwingi ili maji yasituame. Matawi aliyapinda kwa waya wa shaba aliouchomoa kwenye nyaya za simu zilizotupwa ofisini kwao, na kila vikonyo virefu vilipochomoza alivipunguza kwa mkasi, akabakiza macho mawili matatu ya kuchipulia. Kila baada ya miaka michache, baridi ikikaribia kwisha, aliutoa mti chunguni, akaipunguza mizizi na kuurudisha kwenye udongo mpya. Yote hayo kwa vidole. Nilipomuuliza kwa nini asipande tu mwarobaini wa kivuli kama watu wengine, alinijibu jambo ambalo sijalisahau. "Mti mkubwa mimi naujua kiunoni tu," alisema. "Naushika shina, basi. Hayo matawi ya juu na ndege wake naambiwa. Huu naujua wote, mwandishi. Toka mzizi mpaka ncha. Hakuna mahali pake ambapo sijafika."

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Mti ule unakunywa kama ngamia aliyefika kisimani. Wakati wa joto ilibidi chungu kikae ndani ya beseni lenye maji. Na maji ya visima vyetu, wenyeji mnajua, yana chumvi. Majani yakaanza kuwa manjano, na yeye hakuyaona. Ni mdogo wake aliyemwambia. Mtunza bustani wa Mufindi, ambaye kwa simu za kila Jumapili alikuwa amegeuka ndugu, akasema mti hautaki chumvi, upewe maji ya mvua. Maji ya mvua yalikuwa kwenye tangi moja, ya kupikia, kunywa na kuoga mpaka mvua nyingine. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mdogo wake alikuwa hataki kusikia.

"Dada, tangi hili ni la watu. Si la vijiti."

"Kwani mimi naoga kila siku? Toa kwenye maji yangu ya kuoga."

"Mti hauzai, hauna kivuli, hata mboga hauna. Unatupa nini?"

"Utatupa maua."

"Lini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Mti ulinenepa, ukapata majani mengi ya kupendeza, shina likajikunja vizuri kama mkono wa mzee, lakini ua hata moja hakuna. Kila asubuhi ya mwezi wa nane alipapasa matawi yote, moja baada ya jingine, kisha akasema, "Bado." Alistaafu, "bado". Mwenye nyumba alishauri kwa upole kwamba pengine huu ni mti dume. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia kwamba pengine baridi yetu ya Juni haitoshi, tuukubali ulivyo. Akanitoa barazani. Si kwa hasira, alinishika mkono, akanifikisha getini, akasema, "Ukipata neno jingine, urudi."

Nilirudi Jumapili iliyofuata, na bahati njema nilikuwepo fumbo lilipofumbuliwa. Alikuwa anazungumza na Mufindi, simu imewekwa sauti ya nje, tukawa tunasikia wote. Mtunza bustani aliuliza: majani ni mengi? Mengi. Vikonyo virefu? Virefu. Kisha akauliza, "Mama, unaupa samadi?"

"Hata kidogo. Si ulinikataza? Ulisema ukishiba sana unasahau maua."

"Basi kuna mtu anaulisha."

Rafiki yangu aliilaza simu ukingoni mwa chungu, akaingiza kidole kwenye udongo, akakinusa. Uso wake ulibadilika. "Mbuzi," akasema. Kisha akaita ndani, "Mdogo wangu! Kuna mbuzi aliyewahi kulala kwenye chungu changu?"

Cherehani ilinyamaza. Mdogo wake alitoka na futi ya kupimia shingoni, akasimama mlangoni. Nilidhani atakana. "Ni mimi, dada," akasema. "Kila mwezi naweka kidogo, wewe ukiwa umelala mchana. Nilitaka uchanue. Nimechoka kukusikia kila asubuhi unasema 'bado'. Unasema halafu unacheka, lakini mimi naona uso wako baada ya kucheka."

Sijui ni nani aliyeanza, lakini muda si muda walikuwa wameshikana, mmoja analia na mwingine anacheka, kisha wakabadilishana. Mtu aliyekuwa akinung'unikia kila kopo la maji ndiye aliyekuwa akienda kuomba samadi kwa wafugaji, akiileta ndani ya mfuko wa vitambaa ili isijulikane. Wote wawili waliupenda mti, na kwa miaka yote hiyo mapenzi ya mmoja yalikuwa yanafunga mlango ambao mwingine anabisha. Kutoka kwenye chungu bado tulimsikia mtunza bustani, "Haloo? Haloo? Mama, ni nani aliyeulisha?"

Udongo ukabadilishwa. Mti ukapewa maji ya mvua na majivu kidogo, basi. Baridi ya mwaka ule ilipofika, ule upepo wa Juni unaopenya hadi kwenye meno, hawakuuingiza barazani kama walivyozoea. Waliuacha nje ukapigwa. Majani yakapukutika yote. Kwa wiki kadhaa ukabaki mifupa mitupu, na mimi nikasema moyoni kwamba sasa wameuua. Halafu asubuhi moja simu yangu ikalia kabla sijapiga mswaki. "Mwandishi! Vaa viatu!" Nilipanda bodaboda na shati nimelivaa kinyume.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya chungu, anatetemeka kama mtoto aliyeahidiwa safari. Hakunisalimu. Alikamata kidole changu akakiweka kwenye tawi. "Funga macho. Hiki ni kitumba cha jani: chembamba, kimelala, kimeshikana na tawi. Umekisikia? Haya. Sasa hiki." Nilisikia kitu kinene, cha mviringo, kimevimba, chenye ngozi laini kama sikio la paka. "Hiki ni ua," akanong'ona. Sisi Waswahili husema subira huvuta heri, lakini sikuwahi kujua kwamba heri yenyewe unaweza kuishika kwa ncha ya kidole ikiwa bado imefumba. Nilifungua macho nikawatazama wote wawili, na mdogo wake alikuwa ameziba mdomo kwa futi yake.

Maua yalifunguka baada ya wiki chache, na aliyejua wa kwanza ni yeye, kwa pua, akiwa bado kitandani. Akafanya kile ambacho opereta hufanya: alipiga simu. Aliwapigia watu wote ambao kwa miaka aliwaunganisha na watu wengine, na safari hii aliwaunganisha na yeye. Mpaka saa tatu asubuhi ua wa nyumba ile ulijaa. Walikuja makarani wastaafu, bosi wake wa zamani na dereva, wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa wakipita tu wakavutwa na harufu, na mwenye nyumba ambaye aliacha shamba lake likisubiri maji. Mti ambao haukufika kimo cha goti ulikuwa umening'iniza vishada vyake bila jani hata moja, na sisi watu wa zabibu tukakosa cha kuvifananisha nacho zaidi ya zabibu. "Msionje!" alikuwa akipaza sauti. "Mbegu zake ni sumu. Nuseni tu!"

Kisha akauliza swali alilokuwa amelitunza muda wote. "Rangi gani? Semeni kweli." Hapo watu wakaanza kushindana. Bosi wa zamani akasema zambarau. Mwanafunzi mmoja akasema hapana, si zambarau kabisa, ni kama zambarau iliyochanganywa na maziwa. Mwenye nyumba akasema ni zabibu inapoanza kugeuka. Yeye alikuwa anatikisa kichwa kwa kila jibu, akitabasamu, kwa sababu zabibu ikigeuka hajawahi kuiona. Mdogo wake ndiye aliyesogea karibu. "Dada," akasema, "ni ile kanga ya mama. Ile aliyokubebea mgongoni kwenda hospitali, aliyoitunza ikafifia. Ndiyo hiyo. Rangi ni hiyo hiyo."

Rafiki yangu alisimama pale, vishada vimemgusa viganja, uso ameuinua juu kidogo. Kanga ile ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwisho ambavyo macho yake yalivishika kabla surua haijayapofusha. Akatoa kidoko kimoja kwa ulimi, kile ambacho kwao hutolewa mtu akikumbuka jambo. "Basi," akasema. "Naiona." Na kelele zilizofuata, wasomaji wangu, vigelegele, makofi, bosi wa zamani akicheza na fundi cherehani, sijawahi kuzisikia kwenye harusi yoyote.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini watu wazima wenye shughuli zao walifurahi kiasi kile kwa mti wa kwenye chungu. Nadhani ni kwa sababu mji wetu umejaa watu wanaoishi kama wapita njia. Tumehamia na ofisi, tumepanga, Ijumaa mchana tunawahi usafiri kurudi makwetu, na begi halijawahi kutolewa vitu vyote. Hatupandi, kwa kuwa hatujui kama tutakuwepo. Tunasema Dodoma ni vumbi na ukame, tunaunywa mji huu kama dawa. Yeye alikuwa mpangaji kama sisi, kwenye vyumba viwili, tena hata mti wenyewe hakuuona, na akaamua kuanza jambo linalotaka miaka. Tulipokuwa pale uani tulikuwa tunashangilia kitu ambacho wengi wetu hatujathubutu kukianza.

Mti ulichanua tena mwaka uliofuata, ukazidi. Yeye moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, na hakupenda tuuzungumzie. Tulimzika Chemba Jumapili. Baada ya maziko, mjomba wao mmoja alisimama akapendekeza kwa nia njema kwamba ule mti uletwe upandwe kaburini, uwe ukumbusho. Wengi waliitikia. Mdogo wake akainuka.

"Hapana, mjomba. Samahani. Hapa jua litauua kabla ya mwezi. Dada hakuulea uwe alama ya kifo. Unarudi nyumbani, na mimi nitaulea."

"Utaweza, mwanangu?"

"Nilikosea mara moja kwa kuupenda vibaya. Sasa najua."

Jumatatu nilimsindikiza Ihumwa. Hakufungua mlango wa nyumba kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu, akachuchumaa, na mwanamke huyu mwenye macho mazima akayafumba, akaanza kupapasa matawi yaliyopukutika majani, moja baada ya jingine, midomo ikitembea. Majirani walikuwa tayari wameacha ndoo za maji ya mvua ukutani, kila mmoja ya kwake, bila kuombwa. Nilisimama nyuma yake, nikisubiri kama atasema "bado" au atakamata kidole changu.

Basi nami nawaambia, hasa ninyi mliohamia hapa na mabegi bado yamefungwa: toeni vitu kwenye mabegi. Anzeni kitu kinachohitaji miaka, hata kama mna baraza ndogo na chungu kimoja, na msikifiche. Waonyesheni wenzenu jinsi ya kukishika. Kisipofunguka mikononi mwenu, kitafunguka mikononi mwao, nao watapaza sauti mtaa mzima usikie.